Herufi za Marumaru

Fundi wa Mabatini anahesabu kwa herufi.
Elfu mbili kila moja, nafasi hailipiwi,
na nukta, anasema, atanipa bure
kwa kuwa ni kazi ya Mungu.
Juu yetu miamba imepandiana, nyumba zimepanda miamba,
na msumeno wake unalia kama jino linalong'olewa.

Nimemletea majina kumi na mawili,
ya waliofika Mwabulenga kwa mitumbwi mitatu,
wakiwa wameiacha misheni kubwa ng'ambo ya ghuba
kwa sababu kule, waliandika, chumvi imeingia maji.
Jumapili tunatimiza miaka sabini.

Walikuwa wakali kama jua la saa saba.
Hawakutaka kengele: chuma hakiombi.
Hawakutaka picha, wala shanga shingoni,
wala ugoro, wala pombe ya mtama,
wala ngoma, hata ya mavuno, hata ya mtoto aliyepona.
Nyumba ya Bwana waliijenga bila dirisha upande wa ziwa,
macho yasitangetange.

Agano lao ninalo hapa, kwenye mfuko wa rambo:
daftari la mnunuzi wa pamba, safu za ratili na senti,
na juu ya ratili na senti, kwa mwandiko wa kuinama,
*Sisi tuliojitenga tutatembea pamoja,
tutaonyana pamoja,
na asiyeonyeka atatoka.*
Chini yake madole gumba, yamechovywa masizi ya chungu.

Kumi na matatu.
Nimeyahesabu mara nne, kwa miwani na bila miwani.

Lushinge. Malongo. Sayi na mkewe Nyamizi. Bugumba.
Wote wamo, hadi wa mwisho, aliyekatwa kwa wino mwekundu,
wino wa kusahihishia hesabu:
Kwandu binti Nkinga, mjane.

Sababu iko ukurasa wa nne, mstari mmoja tu.
*Ameimba akisaga. Ameonywa. Amesaga tena.*

Nilicheka peke yangu ofisini, kisha sikucheka.
Kisima chetu kinaitwa kwa Kwandu.
Mimi, karani wa kanisa mwaka wa kumi na tisa huu,
nilidhani ni jina la mti uliokatwa.

Jumapili kutakuwa na viti vya plastiki na spika nne.
Kwaya ya vijana, sare ya kijani,
hatua mbili mbele, moja nyuma, bega, bega,
kinanda cha umeme kikiwasukuma.
Wazee wale wangetutoa sote kabla ya sala ya kwanza,
na pilau wangewapa mbwa.

Lakini siwezi kuwacheka tu.
Ukurasa wa kumi na moja, mwaka wa njaa,
mwandiko uleule wa kuinama, mkono unatetemeka:
*Nyumba zetu ni kumi na mbili. Mihogo imepimwa kwa mizani ya pamba.
Mafungu kumi na matatu.*
Basi. Hakuna maelezo.
Hawakuandika nani alilibeba lile la ziada,
usiku au mchana, kama alibisha hodi
au aliliweka mlangoni akakimbia
asisikie jiwe la kusagia likiimba.
Jina hawakulirudisha.
Mihogo walipeleka.

Watu gani hawa, Mungu wangu.

Fundi amezima msumeno.
Kope zake nyeupe kwa vumbi, kama nyusi za babu.
"Chini pamebaki pengo," anasema, "nichore ua?"
Nahesabu vidoleni: K, W, A, N, D, U.
Elfu kumi na mbili.
Nauli ya kivuko, chakula cha mchana, na sabuni ya Mama Shija
aliyoniagiza nisiisahau.
Kamati imeidhinisha majina kumi na mawili, muhuri upo,
mwenyekiti ni mjukuu wa mwenye wino mwekundu.

"Usichore ua," nasema, na kumwandikia jina kiganjani
maana karatasi imejaa.

Analisoma polepole, midomo ikicheza.
"Herufi kubwa au ndogo?"

Sawa na za wenzake.