Barua ya Msamaha

Dada yangu Kazija kaja zahanati ya Jadida
siku ya Jumatano, kliniki ya wazee wa sukari,
akajifanya anapita tu,
kumbe mkobani ana fomu ya skuli
kaikunja mara nne, imekuwa ndogo kama hirizi.

“Riziki, hapa pana vijisanduku viwili.
Imani. Afya.
Cha imani kimenishinda.”

Sheikh Mbarouk hakumtilia saini.
Alimuuliza aya gani, ukurasa upi,
kisha akaingia ndani akatoka na kadi yake ya manjano,
ile aliyokwenda nayo Hija:
“Hata Nyumba ya Mungu sikuiendea
ila kwa sindano, mwanangu.
Hofu yako ni yako. Usiivishe kanzu.”

Sasa anakitaka cha afya.
“Andika tu mtoto ana mzio.
Neno moja. Muhuri si unao?”

Muhuri ninao.
Upo droo ya pili, na wino wa zambarau
unaonganda kuchani mpaka Ijumaa.

Nikamuuliza, mzio wa nini?
Akaangalia dirishani,
watu wanapindua karafuu majamvini kando ya barabara,
akasema: “Wa kumkosa.”

Naukumbuka usiku ule.
Shaame, mwanawe wa kwanza, kachanjwa asubuhi,
magharibi anawaka,
isha degedege limemshika, kakauka mikononi mwake
kama kanga iliyosahauliwa kambani.
Mimi mwanafunzi wa uuguzi, nikasema homa hii hutokea,
nikasema hupita.
Ikapita. Shaame leo anacheza namba tisa, anakula kama mchwa.
Aliyepona ni yeye.
Mamake hakupona.

Hilo halina kijisanduku.

Na mezani nina faili jengine,
la Makame wa Bi Mize, darasa la pili,
dawati moja na Arafa wa Kazija.
Figo zake zinavuja. Vidonge vimemvimbisha mashavu,
watoto wanamwita Andazi,
na vidonge hivyo hivyo vimewalaza walinzi wa mwili wake.
Jumatatu mamake alimleta kabla hatujafungua jokofu,
kamkunja mkono wa shati mwenyewe:
“Mchome. Surua ilimchukua ndugu yangu.”
Nikamwambia huyu hachomwi,
chanjo hii ina uhai, itamkuta hana mlinzi.
Akaukunjua mkono wa shati polepole,
akafunga na kifungo.
“Basi nani atamkinga?”

Barua yake ilikuwa mistari mitatu.
Daktari akatia saini, nikagonga muhuri.
Swali sikulijibu.

Na jibu ndilo hili limekaa mbele yangu,
mama mmoja, baba mmoja,
linazungusha pete kidoleni,
na siri ya faili haitoki kinywani.

Nikasema: “Kazija, siandiki.”
Sikusema vizuri. Ningeweza kumwambia
njoo naye, nitamkalia mimi usiku kucha,
panadoli na kitambaa cha maji,
mpaka alfajiri.
Hayo niliyapata njiani, nishafika Limbani, peke yangu.
Pale nilisema siandiki
kama karani wa bandarini.

Akaikunja fomu mara ya tano.

Ijumaa, kama Ijumaa zote, nilimpelekea mkate wa kumimina.
Jioni Arafa akairudisha sahani.
Imeoshwa. Imepanguswa. Tupu.
Tangu tuolewe sahani baina yetu haijarudi tupu,
hata mwaka wa njaa ilirudi na ndimu mbili.

Nikamuuliza Arafa, Makame hajambo?
“Hajambo. Leo tumekula shokishoki,
yeye kamenya, mie nikatema kokwa mbali kuliko yeye.”

Nikatia ndimu mbili sahanini,
na chini yake kikaratasi: Njoo naye. Nitakesha.
Kisha nikaongeza: Nisamehe,
nikaona neno lile lile la kwenye fomu.

Arafa akaondoka nayo kaikumbatia kifuani.

Leo Jumanne.
Sahani bado iko kwao.