Ubao Mama

Ule wa kwanza ulikufa Jumanne, bila kuaga,
katikati ya magunia kumi na manne ya unga
niliyokuwa nikiyaingiza katika hesabu za Mzia, mwoka mikate.
Nikalifungua boksi kwa bisibisi ya cherehani.
Vikopo vitano kando ya prosesa vimevimba utosini
kama waliogongwa rungu
wakaendelea na kazi miezi sita, kimya.

Kutaisi ilikuwa mvua tupu. Nilitoka na lari mia mbili na hamsini
ndani ya bahasha ya daktari wa meno.
Jino likangoja. Jino huuma mtu mmoja.

Guram Chikvaidze anauza chini ya ngazi, nyuma ya soko la mboga.
Akanisimikia ubao wenye taa kumi na mbili za rangi:
"Huu, kalbatono, hata usiku utauona."
Usiku mimi hulala.
Urembo wa mkakasi, nikawaza, ndani kipande cha mti.
Sipigani vita kwenye skrini, sikati filamu.
Nina mikate, nina kodi, nina kilio cha Mzia
saa nne za usiku, kila tarehe kumi na nne.

Nikamwambia: nipe mdogo.
Nafasi mbili za kumbukumbu, kizazi cha nne,
maana vijiti viwili ninavyo, vya mkwe wangu Zaza.
Kitanda kimoja cha diski nyembamba.
Na lile tundu la buluu la skrini, la pini kumi na tano;
skrini yangu ni ya kale na sijaona sababu ya kuizika.
Kadi ya michoro sitaki,
prosesa niliyoletewa na basi la Batumi, ndani ya soksi ya sufi,
ina michoro yake tumboni.

Akashusha kisanduku cha kahawia, hakina hata picha.
Lari mia na sabini. Vumbi juu, mhuri haujaguswa.
Kupanga ni kuchagua, nikanyoosha mkono,
kisha nikaurudisha.
Miaka thelathini na moja ya kukagua risiti za watu
imenifundisha kuogopa kitu rahisi kisichojieleza.
"Kimekaa hapa tangu lini?"
Guram akaangalia mvua.
"Maana soketi inalingana, Guram, hilo najua.
Mlango unamtosha mgeni.
Nauliza kama mwenye nyumba anamfahamu.
Kama programu yake ya kuamkia ni ya zamani kuliko prosesa yangu,
nitawasha, feni itazunguka, na mbele yangu kiza."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshikwa na mizani yake.
Kuifanya upya, lari ishirini.
Nikatazama nyuma yake: kiatu cha boksi, kimejaa
ankara, stakabadhi, karatasi zilizokunjwa kama leso.
"Za mwaka huu?"
"Na za mwaka jana," akasema, kwa sauti ya chini.

Hatukupeana mkono. Yeye aliuchomeka ubao kwenye meza yake,
mimi nikavuta kiti na lile boksi la viatu.
Mvua ikaisha, sote wawili hatukuiona.

Sasa uko chini ya meza yangu, umefungwa kwa skrubu sita;
ya saba imeanguka ndani na sijaipata,
nilitikisa boksi mpaka ikaacha kulia, jambo linalonikera.
Hauna taa. Umebeba kila kitu
na jina lake halimo popote kwenye skrini.
Waliouita mama hawakukosea,
ingawa nadhani hawakuwa na haya walipouita.

Ulilia mara moja, mlio mfupi. Ukaamka.
Magunia kumi na manne, nikaandika tena.
Ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye lile jino.