Tendegu la Nne

Kitanda cha mama kina matendegu matatu na tofali.
Tofali lilikuja kwa siku mbili, mwaka juzi,
likazoea.

Mfenesi wa Bi Chumu ulikatwa na watu wa umeme
nguzo zilipofika Kangagani. Ulikuwa njiani.
Walituachia magogo, utomvu,
na mafenesi matano machanga tukayapika kwa nazi.

Niliwahi.
Gogo bichi halilazwi na kidonda wazi:
maji hukimbilia nchani kama watu msikiti ukitoka,
yakasukumana, mti ukapasuka.
Nikayeyusha mishumaa kwenye kopo la maziwa,
nikapaka kila ncha, mara mbili.
Nikapasua katikati, nikakitoa kiini,
maana kiini ndicho kinachoanza ugomvi.
Vipande vinne. Penseli: mwezi, mwaka.
Nikavipanga kivulini juu ya vijiti, upepo upate kupita chini.

"Tendegu moja, vipande vinne?" Shaame aliniuliza.
Mti hauandikiani mkataba na mtu, nikamwambia.

Cha kwanza kilipinda
kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani.
Cha pili kilikuwa na mwenyeji ndani,
anakula usiku, asubuhi unga laini sakafuni.
Cha tatu nilikiharibu mwenyewe. Nitasema.

Mashine yangu ni mota ya pampu,
mkanda wa kuokota, vyuma vya kitanda cha hospitali.
Umeme unaoizungusha unapita palepale
kilipokuwa kivuli cha Bi Chumu.
Sina la kusema juu ya hilo. Nawasha.

Kwanza pembe kwa pembe, mistari miwili;
inapokutana, napiga alama ya msumari.
Pembe nne nazipunguza, ziwe nane.
Kisha taratibu. Tak, tak, tak,
patasi inabisha hodi kwenye kila pembe,
mpaka ghafla hakuna pembe ya kuitikia,
mlio unakuwa mmoja,
na maranda yanatoka marefu, ya manjano,
yananijaa mikononi, yananiingia ndevuni.
Mize akiniona huniuliza: biriani ya harusi gani?

Yale matatu ya zamani nimeyapima kwa bikari ya waya:
shingo, tumbo, pete tatu, kiatu.
Fundi aliyeyakereza simjui. Hata mama hamjui.
Lakini kila pete ya pili imelemea chini kidogo,
upana wa ukucha wa mtoto,
kwenye yote matatu.
Hiyo si bahati mbaya. Huo ni mkono wa mtu.

Kipande cha tatu nilikikereza sawasawa,
pete zote mahali pake, safi kama za dukani.
Nikakisimamisha karibu na wenzake: mgeni,
tena mgeni anayejisikia.
Nikakikata. Sasa ni vipini vya patasi.

Kwenye cha nne nililifanya kosa lake kwa makusudi,
na katika kulifuata mkono wangu ukateleza shingoni
ukaacha langu.
Nikaliacha.

Msasa. Nta. Kipande cha kanga kuukuu.
Ijumaa baada ya sala tukainua kitanda, mimi na Shaame,
mama yuko kwenye mkeka anatusimamia.
Matatu meusi kama kahawa,
moja la manjano, linaona haya.
Subiri, nikasema, mfenesi hukolea kwa mwanga,
miaka michache tu.

Mama hakulijibu neno la miaka.
Alipanda, akalala chali,
akageuka kushoto, akageuka kulia,
akasikiliza.
"Halisemi," akasema, akafumba macho.

Tofali sasa linashikilia mlango wa banda langu.
Jioni nikifunga nalisogeza kwa mguu.
Zito.
Sikuwahi kujua lilivyo zito.