Gia ya Saba

Ilikuja ndani ya boksi, shingo imegeuzwa
kama kuku wa safari.
Bwambale aliituma kutoka Kampala na ujumbe mmoja:
Mama, daktari alisema goti lifanye mazoezi.
Goti lenyewe halikuulizwa.

Miaka ishirini na sita sijakanyaga pedali.
Ile ya zamani ilikuwa chuma kitupu, nyeusi, nzito kama deni,
na kwenye keria, kwa mpira wa tairi la lori,
nilifunga sanduku la chanjo, barafu ikigonga ndani, ko, ko,
kutoka Kisinga hadi Kyondo.
Gia ilikuwa moja. Niliivaa chini ya sketi.

Hii ina kumi na mbili.
Nimezihesabu jioni kwa kidole, mara mbili,
na kitambaa cha meza kikajua grisi ni nini.

Siku ya kwanza, mteremko wa kanisani,
mkono ulikumbuka kabla yangu: kushoto, breki ya nyuma.
Kumbe huku wameihamishia mbele, hawakumwambia mtu.
Gurudumu la mbele likagoma. La nyuma likapanda hewani.
Nami, bibi wa wajukuu wanne,
nikaingia shamba la kahawa la Masereka bila hodi.
Alikuwa anapalilia. Alinitazama, akaitazama baiskeli
iliyolala chali, gurudumu bado linazunguka.
"Sista Mbambu," akasema,
"siku za chanjo ulikuwa unabisha mlango."

Siku ya pili upepo ukatoka.
Fundi Baluku ana pampu ya mguu inayojaza soko zima,
hata mipira ya shule,
lakini valvu hii ni nyembamba kama sindano ya kichanga.
Alijaribu kitambaa. Alijaribu mate.
Mwisho akatoboa kifuniko cha kalamu kwa msumari wa moto
na upepo ukaingia, ukilalamika.

Tandiko nalo linashuka polepole kila kilima,
nikifika juu magoti yanataka kunigonga kidevu.
Breki zinalia kama mbuzi wa Krismasi.
Na ya saba, ah, ya saba:
mnyororo unairuka, tak,
mguu unakanyaga hewa
kama ngazi iliyopungua kidato gizani.

Masereka anasema, rudisha.
Shemeji anasema, ng'oa gia zote, weka moja,
wewe moja unaijua.
Baluku amekaza kebo robo mzunguko, akapangusa mikono.
"Kebo mpya hurefuka, Mama. Inaota meno hiyo. Iache."

Inaota meno.

Nilimwona mtoto Kyondo, miezi sita, anaharisha,
fizi zimechimbwa, eti ana meno ya nailoni,
wamezichimba kwa spoku ya baiskeli
iliyonolewa kwenye jiwe.
Spoku.
Nilimfunga mgongoni, mama yake nikampakia juu ya sanduku,
tukashuka, breki zinanuka,
na njia nzima sikuthubutu kutazama gurudumu.
(Alipona. Ana bodaboda yake sasa,
ananipita kwa vumbi na honi.)

Maisha yangu yote nimewaambia akina mama:
msichokonoe. Ni fizi tu. Mpe ziwa, ngoja.

Basi nangoja.
Nimeweka alama ya rangi ya kucha kwenye nguzo ya tandiko
nione linanishusha kiasi gani kwa siku.
Nimempigia Bwambale: nitumie mdomo wa pampu, ule wa shaba,
usitume kitu kingine,
na habari za goti usiniulize.

Leo nimefika daraja la Kyarumba na kurudi.
Ya saba iliruka mara mbili.
Nikakaa kwenye ya sita, mbuzi analia,
na kengele ya ile nyeusi, niliyoihamishia hapa kwa waya,
nilipofika kwa Masereka
niliipiga kwanza.