Mtunza Hazina

Mimi ndiye nisemaye, "Raundi hii hatununui."
Temuulen ana shabaha. Anujin ana masikio,
husikia buti la adui nyuma ya kuta mbili.
Ider ana mdomo.
Mimi nina hesabu: naujua mfuko wa kila mmoja
kama mama ajuavyo ni nani mezani hajashiba.

Tumo ngazi kumi na nne chini ya duka la viatu,
Ulaanbaatar, Januari. Huko juu ni nyuzi thelathini
chini ya sifuri, na moshi wa makaa umelala barabarani
hata taa za magari zinapapasa.
Humu ni jasho, tambi za moto,
na tarakimu ya kijani pembeni mwa kioo:
elfu moja na mia tisa.

Hainunui bunduki. Hununua majuto tu.

"Nipe hata gobori!" anafoka Temuulen.
Nasema: bastola. Hizo hizo za bure.
Tuingie, tufe, tusilie.
Atakayeokota silaha ya adui akimbie nayo,
ajibanze kama mwizi wa kuku mpaka saa iishe.
Mchezo huu una huruma yake kwa mnyonge:
ukipigwa mara moja unapewa kidogo,
mara mbili unaongezwa,
mara ya tatu wanakuchangia kama mfiwa.
Kushindwa nako kuna mshahara,
mradi ujue kuupokea kimya.

Tukafa. Haraka, tena vibaya.

Raundi iliyofuata tulivaa:
fulana za kinga, kofia za chuma, mabomu ya moshi,
na Ider, aliyekuwa na ziada,
akamtupia Anujin bunduki miguuni
bila neno, Ider yule yule mwenye mdomo.
Sisi hatuna namna nyingine ya kuambiana tunapendana.
Tulishinda tano mfululizo.
Nikajiona waziri wa fedha.

Kisha upepo ukageuka, kama unavyogeuka.
Wao kumi na mbili, sisi kumi na moja.
Nikatazama mifuko, nikaona imelegea,
nikasema, kwa mazoea tu,
kama mtu azimaye taa akitoka chumbani
na wenziwe wangali wamo:
"Tubane. Tuweke ya mbele."

Temuulen aligeuza shingo.
Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kununua.
Akakiondoa. Ananiamini, huyu.

Hakukuwa na mbele.
Mimi wa hesabu nilihesabu pesa,
sikuhesabu raundi.
Tulizikwa na elfu kumi na tatu na mia nne,
bunduki tatu nzuri na chenji ya moshi,
kisha kioo kikafuta vyote, hata risiti.

Kwetu Bayankhoshuu mama huhesabu matofali ya makaa:
manne usiku, mawili alfajiri, asizidishe mtu.
Mwaka juzi theluji iliyeyuka
gunia zima likiwa bado limefungwa kamba,
nasi tumekohoa majira yote.
Aliliangalia kwa fahari.
Nami nililiangalia kwa fahari.

Kaunta, Bi Dulmaa akapitisha kadi yetu.
"Zimebaki dakika kumi na tisa. Saa sita usiku zinafutika."
Ilikuwa saa tano na nusu.
Ider akasema tutakuja kesho, kisha akajisikia mwenyewe,
akanyamaza.

Karibu na ngazi alisimama mtoto,
koti la kaka yake likimfika vifundoni,
yule ambaye tangu jioni alikuwa akicheza
kwa kutazama mabega ya watu.
Temuulen akaichomoa kadi vidoleni mwangu,
akaidondosha mbele ya viatu vyake, akapita.

Mdomo wangu ulikwisha kufunguka
kusema lile neno langu.
Nikaujaza skafu.
Nyuma yetu kiti kilikwaruza sakafu,
na mtoto, kwa sauti kubwa kuliko koti lake,
akauliza chumba kizima:
"Nina ngapi? Ninunue nini?"