Nusu Shubiri

Waya tuliupata kwa fundi wa antena, Mabatini,
mita tisa, nyuzi saba zilizosokotwa
kama nywele za mtoto asiyelia.
Ng'wandu aliupitishia kitambaa cha pamba
polepole, toka ncha hadi ncha.
Pamba ikanasa mahali pamoja. Akakata papo hapo.
"Uzi mmoja ukiamka," akasema, "wenzake hawalali."

Ndivyo tulivyoanza kusemezana tena,
tangu Julai, tangu kiwanja cha Buhongwa
na ile karatasi aliyoitia saini bila mimi.

Mashua ni futi kumi na nne tu,
imelalia matairi mawili mchangani Luchelele
kati ya jiwe lililoumuka kama mkate
na jiwe lisilofanana na kitu.
Tanga lake kubwa kuliko adabu yake:
upepo wa alasiri ukiingia, inalala ubavu
kama ng'ombe aliyechoka kulima.
Inataka mtu atoke nje, aning'inie goshini,
aivute irudi kukaa.
Ng'wandu ana kilo hamsini na tano. Mimi sabini na nane.
Hatukujadili.

Mkanda niliushona mwenyewe:
utepe wa kufungia mizigo ya lori,
sponji ya kiti cha bodaboda,
uzi wa mshona viatu, mara tatu kila pindo.
Cherehani yangu imeshona sare, majoho, shela;
haijapata kushona kitu
cha kumbeba mshonaji.
Kulabu nikaiweka chini ya kitovu, chanda kimoja.

Yeye akafunga juu, penye shingo ya mlingoti,
akateremsha waya, akatia kishikio
cha mpini wa jembe uliovunjika,
chini yake pete,
na kwenye pete mpira wa ndani wa baiskeli
ili waya ukiachwa urudi nyumbani
kama mbuzi mwenye kamba.

Kisha tukapima pale pale nchi kavu.
Nikakaa ukingoni, nikanyanyua nyonga.
Pete ikanipita kwa nusu shubiri.
Akafungua fundo. "Hapo?"
Bado.
Akafunga, akafungua. "Hapo?"
Sasa iko chini mno, nitaburura makalio majini.
"Hapo?"
Bado, Ng'wandu.
Mara sita aliniuliza.
Jasho likimdondoka puani, mara sita,
na mimi nikihesabu, si kwa ajili ya pete.
Kwa kiwanja hakuniuliza hata mara moja.

Saa tisa tukaingia ziwani.
Magugu yakatuachia njia kwa shida.
Upepo ukaja kwa kulia, mashua ikainama,
akasema "Toka" kwa sauti
ya mtu anayeomba chumvi.

Nikanasa kulabu. Nikasukuma kwa nyayo.
Magoti yakakataa, halafu yakakubali,
na mgongo wangu ukawa hauna kitu chini yake
isipokuwa kivuli chake na maji ya kijani.
Vilima vya Sengerema vikasimama wima.
Mashua ikainuka.
Waya ukalia, neno moja refu,
nikalisikia kwenye mifupa ya nyonga
kabla ya masikio.
Kilo zangu, zile zinazochekwa kwenye mizani ya Kirumba,
zilikuwa zinafanya kazi, kila moja, hakuna iliyokaa bure.

Hakunitazama. Alilitazama tanga, inavyopasa.
Ila mara moja, akiwa bado anatazama juu:
"Imekaa?"

Sikumjibu upesi.
Nilikuwa nimelala chali juu ya ziwa,
nimening'inia kwenye fundo lake.

Kurudi, upepo ukatokea kushoto,
upande tusioufunga waya bado.
Nikakaa ukingoni kama gunia la mihogo,
yeye pembeni yangu, bega kwa bega,
tukijipinda nje wote wawili, tukigugumia,
na maji yakiingia.
Ule wa pili tutaufunga Jumamosi.
Nimemwambia aje na kitambaa cha pamba,
na ile karatasi.