Karai

Miaka mitatu nakaa benchi la nyuma
nisikutane macho na Aganetha Dueck.
Kisa, tangi la maji ya mvua:
kiangazi cha Chaco, ng'ombe wake wakanywa,
wangu wakabaki mifupa.

Leo ni kutawadhana miguu.
Shemasi, sijui kwa makusudi au kwa upofu,
ananikabidhi karai:
"Greta, anza na Aganetha."

Napiga magoti. La kushoto linalia.
"Nimemsamehe" nilishasema mara mia,
ila nikiwa nimesimama.

Kisigino chake kimepasuka kama changu,
nyufa zimeshika vumbi lilelile.
Maji ni ya tangi lile.

"Ya baridi," asema.
"Najua."
Ndiyo mazungumzo yetu yote tangu kiangazi kile,
na mguu wa pili
bado mkavu.